Koti Lililonuka Gongo

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia sifa nisizo nazo. Dada zangu kule Endabash walipokuwa wakigombania nguo za sikukuu, mimi niligombania nani akae karibu na mama, na nilipoolewa nikaendelea pale pale nilipoishia. Mume wangu ni dereva wa basi. Mke wa dereva asiye na wivu ama ni malaika ama amechoka, na mimi sijachoka.

Basi lenyewe ni zee. Linaondoka Karatu mchana, linapanda kupita geti la Ngorongoro, linafuata ukingo wa kreta, kisha linaacha barabara kubwa na kuingia kwenye vijiji vya wafugaji vya juu kabisa. Huko ndiko linakolala, maana ndani ya hifadhi magari hayatembei usiku. Asubuhi linarudi Karatu na watu wa mnadani, wagonjwa, wanafunzi na mbuzi, kisha linalala Karatu usiku mmoja kabla ya kupanda tena. Wako abiria walioanza safari yao Malambo kwa miguu jana yake, wakifika ndani ya basi wanalala kabla hawajakaa vizuri. Mapazia ya basi hilo niliyashona mimi, ya bluu yenye maua meupe, kwenye cherehani yangu iliyoko barazani mkabala na gereji. Kwa hiyo nina haki zangu ndani yake.

Zamani mume wangu alikuwa mnywaji. Sitasema sana, aliyewahi kuishi na mlevi anajua, na ambaye hajawahi namwombea asijue. Aliacha. Alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema ameacha, na kweli akaacha, akaingia kwaya, akaimba besi, na tangu siku hiyo hata togwa anaipita mbali. Nilijivunia jambo hilo kuliko nyumba. Nililitembeza sokoni pamoja na jingine nililolipenda zaidi: kwamba mume wangu, miaka yote hiyo ya barabara mbaya, hajawahi kugonga hata kuku. Wanawake wa vitunguu walikuwa wakiniona tu wanasema, "Haya, mke wa asiyegusa kuku kafika." Wacha waseme. Kizuri chajiuza, na mimi nilikuwa dalali wake.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza, koti likaanza kunuka.

Ni koti kubwa la mtumba ambalo nilimtilia bitana mwenyewe. Alirudi mchana, akalitundika msumarini, akajilaza. Nikalichukua nilifue. Gongo. Si harufu ya kukisia, ni ile inayopanda puani na kukaa. Niliketi kitandani nikiwa nimelipakata. Kisha nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote angefanya: nikainama nikamnusa mdomo akiwa usingizini. Mdomo ulikuwa safi, unanukia chai tu.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda kufua. Mimi nilianza kupiga hesabu. Mwenye koti hajanywa, koti linanuka, basi kuna mtu mwingine aliyekunywa na kulikaribia koti. Nikalinusa kila mahali. Kifuani hapakuwa na kitu, wala mabegani. Harufu ilikuwa kwenye mkono wa kulia, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko. Nikauona mkono huo umezunguka kiuno cha mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeishika nguo yenyewe.

Nilinyamaza. Watu wanaonijua hawaamini sehemu hii, lakini nilinyamaza, kwa sababu mwizi hapigiwi kelele akiwa bado mlangoni. Safari iliyofuata harufu ikawapo tena, mkono ule ule. Halafu chupa ya chai. Mimi humtilia chai ya mchaichai, yenye sukari ya kutosha, maana ndivyo anavyopenda. Chupa ilirudi na chai imebaki chini, nikaionja. Ilikuwa ya tangawizi na pilipili manga, chungu, haina hata chembe ya sukari. Nikamwuliza konda wake, mtu mzima mwenye watoto wanne, anayeniita shemeji: "Huko juu mnakunywa chai wapi?"

"Kwa yule mama wa mgahawa, shem. Anatutunza sana yule mama. Hasa bosi."

Hasa bosi. Nilirudia maneno hayo kwenye kila pindo nililolipinda siku ile, na mapindo yote yalikwenda upande.

Nikatafuta sababu ya kupanda. Nilikuwa na sare za shule za kupima huko, au tuseme nilizitafuta mpaka nikazipata. Nilipomwambia mume wangu kwamba nitakwenda naye, alinitazama kidogo akasema, "Huko kuna baridi, mama." Nikamjibu, "Nasikia kuna watu wanaowapasha moto." Hakuelewa, au alijifanya haelewi.

Nilikaa kiti cha nyuma yake. Tulipofika, jua bado lilikuwa juu ya vilima na ng'ombe walikuwa wakirudi. Alizima injini na kuliacha basi kwenye uwanja mbele ya mgahawa wa mabati. Mwenye mgahawa akatoka mlangoni akijifuta mikono.

Nilikuwa nimejitengenezea mwanamke kichwani, na nilimtengeneza mbaya ili nimshinde haraka. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa rika langu, ana mwanya, ana sauti ya chini inayomlazimisha mtu kusogea. Kwao ni Singida. Alikuja Karatu kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, mume akafa, akapanda huku juu kuuza chai na maandazi, na chini ya meza, kwa wanaojua kuuliza, gongo. Haya alinieleza mwenyewe bila kuulizwa, kwa upole ulionichoma zaidi.

"Karibu dada. Mwenzetu anakusema sana."

"Ananisema nini?"

"Kwamba unashona vizuri."

Akamwekea mume wangu chai mbele yake. Hakumwuliza kitu. Ilikuwa ya tangawizi, kavu, na yeye akainywa bila kukunja uso. Nilishangaa sana. Miaka yote namtilia vijiko vitatu. Nikamwuliza tangu lini ameacha sukari, akasema, "Huku sukari inafika kwa shida." Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na nililichukia.

Tulilala kwenye vyumba vya wageni nyuma ya mgahawa. Nililishika koti lisiende popote.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Mtu wa Dar hawezi kuamini, lakini barafu ilikuwa imelala juu ya majani na kwenye kioo cha basi, na punda walikuwa wakitoa moshi puani. Abiria walijipanga wamejifunika mashuka mawili mawili. Mume wangu akawasha injini. Ilikohoa, ikashika. Mshale wa kipimo cha upepo wa breki ukaanza kupanda polepole mpaka ulipotakiwa. Nikamwona akiachia hendibreki huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kwa kawaida nyuma hutoka pumzi ndefu, fyuuu, hata mimi barazani kwangu huisikia. Safari hii nyuma kulikuwa kimya. Akatia gia, basi likatetemeka lakini halikusogea.

Akazima akashuka. Nami nikashuka, si kwa sababu ya breki.

Breki za basi lile ni za upepo. Kompresa inasukuma upepo kwenye matangi mawili, upepo unapita kwenye mipira hadi magurudumuni, na ndio unaofungua breki za kuegeshea na kukaza za mguu. Upepo wa huku una unyevu, na unyevu hugeuka maji ndani ya tangi. Magari ya sasa yana kichungi cha kuyakausha. Cha basi letu kilikufa kabla mume wangu hajakabidhiwa ufunguo. Kwa hiyo maji lazima yamwagwe kwa mkono, kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye koki ya chini ya tangi. Najua haya kwa sababu nimekaa mkabala na gereji miaka mingi, na cherehani haizibi masikio.

Akavuta kamba ya tangi la mbele. Likatema maji na upepo kwa kelele. Akavuta ya nyuma. Kimya. Akavuta tena, akagonga koki taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kimya.

"Yameganda," akasema.

Konda akaja mbio na birika la maji yanayochemka. Mume wangu akamzuia kwa mkono. Maji ya moto yatayeyusha dakika moja, yatatiririka hadi kwenye kiungo kingine, na huko yataganda upya. Mzee mmoja mwenye rungu akashauri wawashe moto chini, kama anavyoona watu wa malori wakifanya. Mume wangu akamjibu kwa heshima kwamba mipira nayo ni ngozi ya basi, itaungua.

Na hapo mama wa mgahawa akatokea. Alibeba sufuria ya vitambaa vilivyokamuliwa kwenye maji ya moto, vinatoa mvuke, na kikombe cha bati. Hakuna aliyemtuma. Akachuchumaa pembeni mwa miguu ya mume wangu iliyotokeza chini ya basi, akaanza kumpa kitambaa kimoja kimoja. Kikipoa anakichukua, anampa kingine. Mume wangu alipohitaji spana, mkono wake ukatoka tu chini ya basi, kiganja juu, na yule mwanamke akaweka spana iliyotakiwa. Hakukosea. Mimi nikimpa mume wangu nyundo nyumbani huwa ananirudisha mara mbili.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama nimelishika koti lake, maana alilivua. Kisha akasema kutoka chini, "Niletee koti, chini ni barafu," na nikalipitisha, na akalivaa akiwa amelala.

Alilegeza kiungo cha bomba. Akatoa kwa kidole kitu cheupe, barafu iliyopondeka, nzito kama uji wa jana. Akanyoosha mkono wa kulia. Mama wa mgahawa akampa kile kikombe. Harufu ikanifikia kabla sijakiona kilichomo.

Gongo. Alilimimina ndani ya bomba kidogo kidogo, lipite na upepo likaitafune barafu iliyobaki, kwa sababu pombe kali haigandi upesi. Na kwa kuwa alikuwa amelala chali, ameinua mkono, sehemu ya gongo ilirudi ikateremka kwenye mkono wa koti, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko.

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka kwa sauti mpaka konda akageuka. Mlevi alikuwa basi! Nilimshukuru Mungu, nikawaomba radhi kimoyomoyo mume wangu, kanisa na hata yule mwanamke wa mwanya. Furaha hiyo ingenitosha hadi Krismasi.

Haikufika hata mwisho wa kazi. Alirudisha kiungo, akaomba povu la sabuni, akalipaka kwenye maungio yote kutafuta upepo unaovuja. Povu halikutoa mapovu makubwa. Injini ikawashwa, mshale ukapanda, ikazimwa, tukautazama mshale kama utashuka. Haukushuka. Aliachia hendibreki, na nyuma ikatoka ile pumzi ndefu, na abiria wakapiga makofi. Konda akaenda kupakia mbuzi. Mume wangu akabaki ameegemea tairi, na mama wa mgahawa akiwa amesimama karibu naye na sufuria tupu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa basi, nikifunga pazia lililokuwa likipeperuka dirishani. Hawakujua kwamba nipo pale.

"Leo mkono unatetemeka tena," mume wangu akasema.

"Kama siku ile?"

"Zaidi. Siwazi kingine ila ule mteremko."

"Usiharakishe. Zunguka kwanza hapa uwanjani, ukanyage mara kadhaa. Jua likipiga barabara ndipo uende."

"Abiria watasema."

"Waseme. Mimi nitawapa chai."

Pazia nililokuwa nimelishika ndilo lile lililowahi kurudi nyumbani limechanika. Nililishona upya huku nikinung'unika kwamba abiria hawana adabu. Siku hiyo basi lilikuja na mkwaruzo ubavuni, na mume wangu alisema, "Nimegusa ukingo kidogo." Kumbe kulikuwa na siku ile. Kumbe kulikuwa na mteremko. Watu walining'inia kwenye mapazia yangu, na mume wangu alitoka humo na hofu ambayo aliibeba asubuhi akaileta kwa mwanamke wa chai, halafu akarudi kwangu akiwa mkavu, akala ugali, akaniuliza habari za sare.

Ningemkuta amemkumbatia ningejua la kufanya. Nina ulimi, nina mikono, nina ndugu Endabash. Lakini mwanamke aliyepewa hofu ya mume wako unamfanyia nini? Huwezi kumnyang'anya, maana hakuiba. Aliwekewa. Nilimwonea wivu pale ambao sijawahi kumwonea mtu, wivu wa baridi, usio na kelele, na mimi kelele zangu ndizo zilizokuwa kinga yangu siku zote.

Tukapanda. Alizunguka uwanjani kama alivyoambiwa, akakanyaga, breki zikashika. Mama wa mgahawa akasimama mlangoni, hakupunga mkono. Tukaondoka.

Mteremko unaanza nje kidogo ya kijiji. Ni barabara ya udongo, upande mmoja ukingo, upande wa pili bonde ambamo punda huonekana wadogo. Alisimama pale juu kama madereva wote wa njia ile wanavyofanya, kujaribu breki mara ya mwisho. Nilikuwa nyuma yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye usukani, kipande cha koti kikiwa bado kimelowa, na ulikuwa ukitetemeka. Kwenye kioo niliona macho yake. Hajawahi kunitazama vile nyumbani, na hata pale hakuwa ananitazama mimi.

Nilijua anachotaka. Alitaka kushuka na basi tupu. Hakuweza kusema. Dereva akiwaambia abiria washuke, amewaambia breki mbovu, na habari hiyo itafika Karatu kabla ya basi. Na tena, nani alimfungia njia ya kusema? Ni mimi niliyemtangaza sokoni. Mwanaume asiyegusa hata kuku ataanzaje kuogopa?

Nikawaza: yule kule mlangoni angejua la kumwambia. Na wivu ukanisimamisha kwa miguu miwili. Yeye amempa vitambaa na kikombe na sikio. Mimi nitampa kitu ambacho yeye hana.

"Fungua mlango!" nikapiga kelele. "Mimi nashuka. Siwezi kuteremka hapa nikiwa ndani. Naogopa!"

Basi zima likalipuka kwa kicheko.

"Shem!" konda akasema. "Mume wako mwenyewe?"

"Mume wangu mwenyewe. Naogopa anavyoendesha. Na mtu yeyote mwenye watoto nyumbani ashuke na mimi."

Vijana wakapiga miluzi. Mmoja akasema kwa lafudhi ya Arusha, "Oya, kama mama mwenye gari anasepa, sisi ni nani?" Mwanamke mzee wa Kimasai aliyekuwa kiti cha mbele akafunga shuka lake, akasema, "Mimi pia nashuka, mama yeyo. Magoti yangu inataka kutembea." Akiinuka mzee, nani atabaki? Wakashuka wote, wakicheka, wakilalamika, mbuzi nao wakashushwa. Mume wangu alikuwa amegeuka, ananitazama. Sikumpa nafasi ya kusema.

Alishuka na basi tupu, taratibu, gia ndogo, konda akitembea kando ya tairi la nyuma na kabari ya mti mkononi. Sisi tulifuata kwa miguu. Kila pumzi ya breki niliihesabu kifuani. Breki zilishika mwanzo hadi mwisho. Abiria waliniimba njia nzima, mke anayemwogopa mume, na nilipojikwaa waliniimba zaidi.

Chini kabisa, wakati mbuzi wakipakiwa, alikuja akasimama kando yangu.

"Uliogopa kweli?"

"Wewe je?"

Akawatazama abiria waliokuwa wakisubiri. "Mimi niliogopa kweli," akasema.

Ndipo akanieleza. Siku ile kipande cha barafu kilikwama ndani ya bomba, breki za nyuma zikakataa katikati ya mteremko, za mbele zikavuta upande, akaamua kulibana basi kwenye ukingo ili lisiende bondeni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Ningekuambiaje? Ulikuwa umeshawaambia watu wote." Nikauliza jambo jingine.

"Na kwa nini maji yanangoja hadi asubuhi? Huku Karatu si unayamwaga jioni?"

Akaeleza kwamba huko juu pia alikuwa akimwaga jioni, mpaka jioni moja koki ilipopiga kelele ng'ombe wakiingia. Ndama wakakurupuka, mmoja akaumia mguu. Wazee wakamjia kwa adabu zote, wakanywa naye chai, wakamwomba basi lisipige chafya saa ya ng'ombe kurudi, wala usiku wakiwa zizini. Naye, kwa adabu zake za Kiiraqw, akakubali. Tangu hapo maji hulala tangini, na barafu hufanya kazi yake. Asubuhi anahitaji vitambaa, na kikombe, na mtu wa kuvileta.

"Basi mwaga njia panda," nikasema. "Kabla hujaingia kijijini. Pale hakuna ng'ombe."

"Tangi litaisha upepo. Lazima tusimame lijae tena, na abiria wanawahi."

"Wanune. Waambie mkeo ameagiza, mwoga yule."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko cha chini cha besi. Akasema hakuwahi kulifikiria. Nilipoona anavyonisifu kwa macho nikataka kumwambia ukweli, kwamba sikulisema kwa ufundi. Nilitaka tu pasiwe tena na sababu ya kile kikombe.

Habari ilifika sokoni kabla yangu, kama nilivyojua. Wanawake wa vitunguu waliniita mwoga kwa wiki kadhaa, na jina la mke wa asiyegusa kuku halikusikika tena. Iliniuma. Kuna siku nilizunguka nyuma ya soko ili nisipite kwao. Lakini koti liliporudi nililinusa mkono wa kulia, na lilinuka dizeli tu.

Baridi ikaendelea. Mchana mmoja konda aliniletea kifurushi cha tangawizi kutoka kwa mama wa mgahawa. Ametuma salamu, akasema, kwa dada mwoga, anywe ajipe moyo. Nilikitazama kifurushi. Mwanamke yule alikuwa amesimama mlangoni siku ile na anajua kila kitu kuhusu mkono wa mume wangu, kwa hiyo alijua vizuri kabisa ni nani kati yetu aliyekuwa mwoga. Alinisaidia kutunza siri. Nilitamani kuitupa ile tangawizi, nikaichemsha.

Mume wangu alikuja barazani akakaa kwenye benchi la wateja bila kuvua koti. Nikammiminia. Akanywa, akakunja uso.

"Mbona haina sukari?"

"Si ndivyo unavyokunywa kule?"

"Kule ni kule," akasema.

Nilikuwa na majibu matano ya kumpa. Kabla sijachagua, aliweka kikombe chini, akautazama mkono wake wa kulia, akaufumba na kuufumbua.

"Leo pale juu ulitetemeka tena," akasema. "Breki zilikuwa nzima. Ulitetemeka tu."

Nilisimamisha cherehani.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

Nikachukua kikombe, nikaingia ndani, nikamtilia vijiko vinne.